Presha ya Rubisi

Jikoni kwangu Rwamishenye pana mtungi wa gesi ambao haupikii. Mgeni akiingia huutazama, kisha hutazama jiko la mkaa lililo kando yake. Gesi iliyomo ni ile inayotia mapovu kwenye soda, na kazi yake ni kusukuma bia kutoka kwenye mapipa madogo ya chuma niliyoyapanga ndani ya friji kuukuu. Vyombo hivyo nilivinunua kwenye hoteli moja iliyokuwa inafunga. Bia napika mwenyewe. Nafundisha fizikia sekondari, na mtu anayeeleza presha kwa chaki mwaka nenda mwaka rudi lazima atafute mahali pa kuiona ikifanya kazi, la sivyo atachoka na kazi yake kabla ya kustaafu.

Kila bia ina presha yake. Bia nyeusi ukiisukumia gesi nyingi inakwaruza ulimi, kwa hiyo naipa kidogo. Ya ngano inataka nyingi, bila hivyo inalala kama uji uliopoa. Ya mtama iko katikati. Ndiyo maana regeleta yangu, kile kifaa cha kurekebisha presha inayotoka mtungini, ina njia tatu, kila njia na geji yake ya kupimia na skrubu yake. Baridi nayo isibadilike ovyo, maana bia baridi humeza gesi nyingi kuliko bia ya vuguvugu. Majirani wananiita Mama Gesi. Sijali, ni haohao wanaokuja Jumamosi na vikombe mkononi.

Rubisi sikuwa nimewahi kuitia kwenye pipa. Ni pombe yetu ya ndizi mbivu: zinakamuliwa kwa miguu, juisi inachanganywa na mtama uliokaangwa, inafunikwa kwa majani ya mgomba ndani ya mtumbwi wa mbao, na kesho yake inanyweka. Haihitaji gesi ya mtu, inatengeneza yake. Baba yangu aliipika maisha yake yote pale kijijini kwetu Kaagya, na kabla ya kuruhusu mtu achote alikuwa akiinamisha sikio juu ya mtumbwi. Akisikia ule mchemko mdogo chini ya majani, alisema, "Inasema." Pombe iliyokwisha mchemko aliiita iliyonyamaza, na hiyo hakumpa mgeni hata kama mgeni amekuja na kiu ya kutoka Karagwe kwa miguu.

Kisha koo lake likaota uvimbe. Alianza kwa kuacha ugali, akaacha ndizi, akabaki na uji mwepesi na maziwa yaliyopoa. Daktari alituambia tumpe anachokitaka, kwa kiasi anachoweza, na sisi watu wazima tulielewa maana ya maneno hayo. Kitu chenye gesi kilikuwa adui yake. Siku moja mama alimpa soda akidhani itamchangamsha. Alipiga mbao za kitanda kwa ngumi mpaka maumivu yakapungua, na mama hakuleta soda tena nyumbani mle.

Ni wakati huohuo mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba yetu, alipopata mchumba kutoka Muleba. Familia ya kijana ni ya wauza samaki. Siku ya posa, kwetu, upande wa mwanamume huleta rubisi. Baba wa binti hunywa funda la kwanza mbele ya wote, kisha humpa binti kibuyu kilekile. Binti akinywa, amekubali na amekubaliwa. Baba akiwa hawezi, ndugu yake hunywa kwa niaba yake, na baba mdogo alikuwapo, mzima, na kwa kunywa hakuhitaji kubembelezwa.

Baba alikataa. Sauti yake ilikuwa imebaki ya kukwaruza, lakini amri ilikuwa ileile.

"Mtoto ni wangu," alisema. "Nitakunywa mimi."

"Tata, itakuunguza," nikamwambia, kwa jina ambalo sote tulimwita baba.

"Wewe si ndiye mwenye mtungi wa gesi? Fanya kazi yako."

Nilirudi Rwamishenye nimekasirika, na nilikuwa na hofu. Nilijua anachokitaka. Alikuwa amewaoza dada zetu wote kwa funda lake mwenyewe, na huyu wa mwisho ndiye aliyekuwa akimlisha uji kwa kijiko. Asingekubali aende kwa funda la mtu mwingine.

Nikanunua rubisi Maruku ili nijaribu. Niliitia kwenye pipa dogo, nikaipoza mpaka uchachukaji ukalala, kisha nikaanza kuitoa gesi: natikisa pipa, navuta kipete cha juu cha kutolea presha, linafoka, natikisa tena. Kutwa nzima nilifanya hivyo mpaka likaacha kufoka. Kisha nikafungua regeleta kidogo mno, sindano ya geji iliinuka tu kutoka kwenye sifuri, kiasi cha kuisukuma pombe hadi kwenye koki bila kuirudishia mapovu. Niliionja. Ladha ya ndizi ilikuwapo, na ule uchungu wa mtama, na haikuchoma hata kidogo. Nilijisifu peke yangu jikoni.

Nikalipakia pipa kwenye bodaboda, mtungi mdogo wa gesi nikaukumbatia, tukaenda Kaagya. Mama alimkalisha baba. Nilimpa kikombe, akavuta funda, nalo likapita. Mama akasema "Yesu wangu" na kukaa chini. Mimi nilicheka kwa furaha. Baba alikuwa akikitazama kikombe. Akakipeleka sikioni, akasikiliza, kisha akanirudishia.

"Imenyamaza," alisema.

"Lakini imepita, tata."

"Maji nayo yanapita. Nimpe mwanangu pombe iliyonyamaza, halafu wakwe waseme nimemwambia nini?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia koo lake halijui mila, na kwamba mimi nimeacha wanafunzi wangu na daftari zisizosahihishwa ili nije kumsikiliza akizungumzia pombe kana kwamba ni mtu. Mama alinikemea kwa Kihaya. Baba alisubiri nimalize, kama alivyonisubiri tangu nikiwa mdogo, halafu akasema kwa upole, "Ongeza, mwana wange. Kidogo kidogo. Nitakwambia pa kuishia."

Ndivyo tulivyofanya. Kila nilipopata nafasi nilikwenda na pipa, nikaongeza presha kidogo kuliko mara iliyotangulia, nikampa funda moja. Shuleni nimegeuza skrubu za kila aina mbele ya watoto na sijawahi kuichukia hata moja. Ile ya regeleta niliichukia. Kila nilipoizungusha niliona nazungusha kitu ndani ya shingo ya baba yangu. Mama alikuwa akitoka nje na kujifanya anatazama kahawa iliyoanikwa. Baba alikunywa, akafumba macho, mishipa ikamsimama, likapita. Akasema, "Ongeza." Siku moja machozi yalimtoka, funda likachelewa, kisha likashuka. Akaweka kikombe sikioni. Mapovu yalikuwa machache na madogo, lakini yalisikika, hata mimi niliyasikia nilipoinama.

"Inasema," alisema. "Ishia hapo."

Niliweka alama kwenye kioo cha geji kwa rangi ya kucha. Tulikuwa tumepata presha ya rubisi, na presha hiyo haikuwa ya pombe, ilikuwa ya mtu.

Wakwe tuliwaeleza kwamba koo la baba haliwezi gesi nyingi, wakaelewa. Siku moja kabla ya posa walinitumia dumu moja la rubisi waliyoipika wao Muleba, pamoja na barafu waliyoitoa kwenye masanduku ya sangara. Barafu ilinuka samaki, nikamtania shemeji mtarajiwa kwenye simu kwamba anaposa kwa kitoweo kabisa. Niliipoza pombe yao, nikaifikisha kwenye alama, na asubuhi nikaipeleka Kaagya pipa likiwa limefungwa magunia mabichi.

Nilipomwona baba nilitaka kurudi nyuma. Koo lilikuwa limekaza zaidi tangu jaribio la mwisho. Mama alinieleza pembeni kwamba uji wa asubuhi ulirudi wote. Nilikwenda chumbani, nikamwambia nitashusha presha, wageni hawana geji machoni, hakuna atakayejua. Alikuwa amekwisha vaa kanzu na koti. Akatikisa kidole, mara moja tu. Sikushusha.

Wakwe waliingia na salamu zao, "Kasinge, waitu," wakaketi. Baba aliwekwa kwenye kiti cha mbele, na kitambaa cha kufutia mdomo mapajani, nami nikakaa nyuma yake kidogo kumshikilia mgongo, maana hakuweza kukaa wima bila kuegemea. Maneno ya posa yalikwenda na kurudi, baba mdogo akiyasema kwa niaba yetu na kuyapamba. Kisha wakaomba rubisi. Nilikwenda stoo, nikafungua koki, nikajaza kibuyu na kukileta mwenyewe, nikampa baba na kurudi nyuma yake kumshika mgongo. Mdogo wangu alipiga magoti mbele ya baba, kichwa kimefunikwa kitenge.

Baba alivuta funda. Nilikuwa nimemshika, kwa hiyo niliujua mwili wake kabla ya mtu mwingine yeyote. Ulijaribu, ukakataa. Ukajaribu tena. Mgongo wake ulitetemeka mkononi mwangu na machozi yakamshuka, na wageni, Mungu awabariki, walidhani ni ya baba anayemtoa kitinda mimba wake. Akaitikia kwa kichwa. Akampa mdogo wangu kibuyu.

Mdogo wangu alikunywa. Alikunywa polepole, kwa haya, kama alivyofundishwa. Aliposhusha kibuyu akina mama walipiga vigelegele, wanaume wakapiga makofi, kila mtu akamgeukia bwana harusi mtarajiwa. Hapo baba aligeuka na kuinamisha uso begani kwangu kama mtu anayetaka kuninong'oneza jambo, akaitema yote kwenye kitenge changu.

Baba mdogo aliinama upande wa pili. "Imeshuka?" aliuliza.

"Imeshuka," nikasema.

Baba alifariki kabla ya harusi. Kwenye sherehe mdogo wangu alisimama na kipaza sauti, akasema baba hayupo lakini alimnywea rubisi kwa koo lile lile lililomuua, na ukumbi mzima ulilia. Mimi pia nililia, na ukweli nikaunyamazia. Sasa naona kunyamaza kwangu kumempunja baba.

Mdogo wangu, baba hakumeza. Kitambaa kilikuwa mapajani mwake, na aliposhindwa mara ya kwanza angeweza kuitema, mila ingemruhusu baba mdogo apokee kibuyu, na maumivu yangeisha palepale. Alikaa nayo mdomoni ikimuunguza mpaka wewe ulipomeza.