Udongo wa Restuta Uliotoka Juu

Restuta Mazengo wa Chamwino huuza udongo wa kula, ule wanaoutamani wajawazito. Huuchimba korongoni, huuponda, huufinyanga vibonge na kuvianika uani, kisha huvikaanga mpaka vinukie kama mvua ya kwanza. Nimekutana na wauza udongo Kumasi na Kampala, wote watu wapole. Restuta si mpole. Huonja kibonge mbele ya mteja, hufumba macho, kisha hutoa hukumu. Mara nyingi hukosea, lakini hakuna aliyewahi kukata rufaa.

Alasiri moja ya kiangazi, mbingu haina hata wingu, ulisikika mlipuko juu ya mapaa. Mbuzi walikata kamba. Kitu kikaanguka katikati ya vibonge vilivyoanikwa, kikapasuka vipande vyeusi. Restuta akaokota kimoja, akaonja.

"Radi imeniunguzia udongo," alimwambia mkwewe Ruthu, aliyekuwa na mimba kubwa. "Lakini umekolea! Huu watu wataugombania."

Akaukaanga wote, kama afanyavyo siku zote.

Juma lile lile akaja Hamidu, mwalimu wa elimu ya miamba chuo kikuu, amevaa glavu kwenye jua la Dodoma.

"Shikamoo, mama. Natafuta kimondo kilichoanguka."

"Marahaba, baba. Hapa tunauza udongo tu."

Hamidu akaona kipande cheusi kwenye sinia, akapiga magoti.

"Mama, hili jiwe ni kongwe kuliko dunia!"

"Ndiyo maana lilichelewa kuiva."

"Kuiva?"

Alipooneshwa kikaango, Hamidu aliketi juu ya ndoo kama mfiwa. Akaeleza polepole. Jua na sayari zote zilitokana na vumbi moja. Dunia ikapikwa: ikayeyuka, chuma kikazama katikati, kila kitu kikahama mahali pake.

"Dunia ni ugali, mama. Ukiutazama ugali hujui unga ulikuwaje. Hili jiwe ni unga uliosalia ungoni. Ukiondoa hewa nyepesi, lina vitu vilevile vya jua, karibu kwa kadiri ileile. Na limefunga maji ya zamani zile. Ila moto huyafukuza. Bila kipande kibichi, habari ya maji ndiyo imekwisha."

"Kwa hiyo nimesonga unga wako."

"Umeusonga, mama."

"Pole, baba." Akampa kibonge cha kumliwaza.

Mara ikasikika sauti nyuma ya mlango: kru, kru, kru.

"Ruthu! Unatafuna nini?"

"Si kitu, mama." Ruthu akajitokeza, meno meusi.

Katika pindo la khanga yake alikuwa amefunga kipande kikubwa alichokificha siku ile, ambacho hakikuona moto.

"Dada, nakuomba, simamisha taya!" akalia Hamidu.

"Sikitoi. Kichefuchefu kinatulia kwa hiki tu."

"Kuna kilichokaangwa tele," akasema Restuta.

Ruthu akainamisha kichwa. "Mama, usikasirike. Wewe unakaanga mno. Harufu yote inaishia kwenye moto."

Hakuna mtu Chamwino aliyewahi kusema hivyo. Restuta akamtazama mkwewe, akamtazama mwalimu aliyekuwa bado amekumbatia ndoo.

"Unataka nini?" akamwuliza Ruthu.

"Udongo mbichi, mama. Kila siku mpaka nijifungue. Nawe usiutie moto hata kidogo."

Restuta alimeza kitu kilichokuwa kigumu kuliko kimondo. Akachukua jembe, akaenda korongoni mwenyewe, juani. Aliporudi na udongo mbichi, Ruthu aliunusa, akatabasamu, akafungua pindo.

Baadaye Hamidu alipiga simu akipaza sauti kwa furaha. "Maji yamo, mama! Yamefungwa ndani kabisa! Ya upande mmoja tumeyaacha, hayo ni mate."

Siku hizi Restuta anaweka sinia mbili, ya udongo uliokaangwa na ya udongo mbichi. Mbichi huisha kabla ya saa nne asubuhi. Huo haonji mbele ya watu.