Benta na Kilio cha Ondiek

Benta wa Dunga, ufuoni mwa ziwa, huuza omena, dagaa wa huku kwetu, lakini watu wanamjua zaidi kwa kuomboleza. Tangu tukiwa vijana, ukifiwa unamwita. Anaanza kulia langoni, anatembea mpaka kwenye jeneza, na hapo anasema yote: marehemu alikuwa nani, nani alimpenda, nani alimwacha afe. Mama yake aliwahi kumtaja chifu wa mkoloni mbele ya umati. Chifu aliinamisha kichwa akasikiliza. Maneno ya matanga hayakuwa na kesi.

Mwezi wa tano tulimzika Ondiek, mvuvi. Benta alilia kwamba Ondiek alikufa akingoja ambulensi, nayo ilikuwa Nyamasaria imebeba viti vya mkutano wa diwani. Kila mtu pale alijua hivyo. Lakini siku hizi watu hawaji kulia, wanakuja kuinua simu na kurekodi. Jumatatu Benta akaitwa kituoni. Nilimsindikiza kwa sababu sheria nimejisomea mwenyewe, na nilidhani hiyo inasaidia.

"Mama, umesambaza uongo mtandaoni," alisema Inspekta Wechuli.

Benta akatoa simu yake ya vitufe, imefungwa raba. "Nionyeshe huo mtandao uko wapi hapa."

"Watu elfu arobaini wamekuona."

"Elfu arobaini! Na chakula cha matanga hakikutosha hata mia mbili."

Wechuli alikaribia kucheka. Kisha akasukuma karatasi: akubali kwamba alidanganya, aende nyumbani. Akikataa, ni mahakama.

"Kosa ni la aliyelia au la aliyerekodi?" nikauliza.

"Mzee, hata mimi sielewi. Nimeletewa tu."

"Nikisema nilidanganya," Benta akauliza, "Ondiek nitamwambia nini? Amezikwa na maneno yale."

Hakutia sahihi. Aliachiliwa kwa dhamana, kesi ikapangwa Septemba.

Wiki iliyofuata kulikuwa na msiba Asembo Bay. Debra, dada wa marehemu, alimpigia simu. "Mama, uje. Lakini usilie kwa maneno, tafadhali. Tunaogopa."

Alikwenda. Walimpa kiti cha mbele na sahani ya samaki. Jeneza lilipita mbele yake huku spika za kukodi zikipiga nyimbo, na mikono yake haikujua pa kukaa.

Tulipokuwa tukirudi aliniuliza, "Absalom, mimi nimefungwa ama niko nje?"

Nilizipitia sheria zote kichwani. Mpaka tunafika Dunga nilikuwa bado natafuta kifungu kinachotaja kilio.