Karatasi ya Chumba 602

Sina sababu ya kukudanganya. Uongo wangu wote naumalizia sokoni Zhanxi, ninapobishania bei ya viatu. Hili nililiona kwa macho yangu, saa tisa mchana, nikiwa na akili zangu timamu.

Pamoja na biashara, najitolea kama mkalimani katika kituo kidogo cha polisi huku Sanyuanli, mtaa wa Guangzhou, China. Kichina nakijua, tena sana. Kila Jumatatu asubuhi tunakaa na Afande Chen kupanga wiki: jengo lipi, ghorofa ipi, nani apande na nani. Kazi ni kukagua kama wapangaji wa kigeni wamejiandikisha. Unabisha hodi, unatazama pasipoti, mtu anasaini, unaendelea. Mlango usipofunguliwa, unaandika karatasi ya kumwita mpangaji kituoni, unaipitisha chini ya mlango, unarudi wiki inayofuata. Utaratibu huo nilisaidia kuutunga mimi mwenyewe, na nilijivunia kweli.

Siku hiyo tulikuwa ghorofa ya sita. Afande Chen alichukua upande wa kulia, mimi wa kushoto. Nikabisha chumba 608, cha Bwana Idi, muuza simu wa Tanga. Kimya. Nikaandika karatasi, nikainama niipitishe.

"Dada, hiyo usiiweke."

Nikageuka. Mama mmoja kasimama nyuma yangu, kajifunga kitenge, miguu mitupu kwenye vigae. Nikajua ni wa nyumbani, nikamwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Hebu niambie, mama gani wa Kitanzania anaamkiwa akanyamaza? Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, lakini nilikuwa na haraka na milango yangu.

"Mwenzetu yumo ndani, hawezi kuinuka," akasema. "Hata mimi sikuweza. Shika yako."

Akanipa karatasi iliyokunjwa. Niliipokea kwa vidole viwili, nikaitia mfukoni bila kuitazama, nikamwita Afande Chen. Nilipogeuka tena, korido ilikuwa tupu.

Afande Chen hakutaka kusikia. "Hajibu, weka karatasi. Bado tuna majengo mawili."

"Mwite laoban, mwenye jengo, alete ufunguo," nikamwambia. "La sivyo leo sitafsiri neno jingine."

Alijua sitanii. Ufunguo ukaja. Bwana Idi alikuwa sakafuni kando ya kitanda, sukari imemshuka, anapumua kwa taabu. Gari la wagonjwa likamchukua, na niamini, yu hai mpaka leo, anauza simu na mdomo haumtulii.

Tuliporudi kituoni nikaikunjua ile karatasi. Mwandiko wangu. Chumba 602, mwaka jana.

Mlango huo, wa ghorofa hiyohiyo, niliubisha mwaka jana, haukufunguliwa, nikapitisha karatasi nikaenda zangu. Wiki iliyofuata wenzangu walimkuta mpangaji amefariki, mama mfanyabiashara wa Dodoma. Sikuwahi kumwona sura, maana niliogopa kuingia. Hakuna aliyenilaumu, utaratibu ulifuatwa. Basi nikalitoa jalada lake kabatini. Picha ya pasipoti ilikuwa ya yule mama wa kitenge, na pale karatasi yangu, iliyookotwa chumbani kwake, ilipobanwa kwa pini palibaki matundu mawili tu.

Nililia, sikufichi. Nilimwomba radhi palepale, Afande Chen akinitazama, kwa Kiswahili asichokijua.

Utaratibu tumeubadilisha: ufunguo kwanza, karatasi baadaye. Ila vile vidole viwili vilivyoipokea karatasi havijapata joto tena, hata kwenye joto hili la Guangzhou la mwezi wa saba. Huamini? Njoo Sanyuanli unipe mkono.

Na wewe unayenisikiliza, ukibisha kwa mtu akakaa kimya, usijiambie hayupo ukaendelea na safari yako. Mimi nilirudishiwa karatasi yangu kabla sijaiweka ya pili. Wewe sijui nani atakurudishia.