Mkenya wa Mtindi

Mara ya kwanza nilipomuuliza Mwalimu kuhusu nyumba yake ya biashara pale Bombambili, mjini Songea, alinijibu kwamba haipangishwi. Nyumba ilikuwa mbele ya macho yetu, tupu, na mlangoni kulikuwa na maandishi ya chaki kwa mwandiko mzuri wa darasani: INAPANGISHWA. Nilimwonyesha kwa kidole. Akayatazama, akaingia kwake, akatoka na kitambaa chenye maji, akayafuta.

"Haya, sasa haipangishwi," akasema, akarudi kwenye kiti chake barazani.

Nilirudi gesti nikiwa nafoka peke yangu njia nzima. Nilikuwa nimesafiri siku tatu kwa mabasi kutoka Kenya. Nyuma yangu nilikuwa nimeacha miaka kumi na saba ya kazi kwenye kiwanda cha maziwa huko Kinangop, kiwanda ambacho kilipunguza watu na mimi nikawa mmoja wao. Kiinua mgongo changu chote nilikuwa nimekipangia Songea. Kaka yangu aliniuliza kama Kenya nzima nimekosa pa kuweka hela zangu. Lakini mimi Songea nilishaiona. Miaka miwili kabla ya hapo nilikuja kumsindikiza rafiki yangu wa kazini aliyeolewa na mwanamume wa huku, na wakati wenzangu wanacheza ngoma za harusi, mimi nilikuwa natazama ng'ombe. Niliona ng'ombe wazuri wa maziwa vijijini, asubuhi zenye baridi kama ya kwetu, na maziwa yakiuzwa mjini kwenye chupa za maji zilizokwisha kutumika. Mtindi wa dukani ulikuwa umetoka mikoa ya mbali, na ulikuwa umechoka kuliko mimi.

Mama aliyekuwa anatunza gesti aliona nilivyonuna, akaniuliza kulikoni. Nikamweleza.

"Ulimwamkia?"

"Nilimwambia, 'Mama, hii nyumba ni pesa ngapi? Nataka kuiona.'"

Alijishika kifua. "Yule amefundisha nusu ya watu wa mji huu. Rudi kesho. Mpe shikamoo, akikukaribisha ukae. Na usiseme shida yako mpaka akuulize."

Kesho yake nilifanya hivyo hivyo. Mwalimu alipokea shikamoo yangu kana kwamba hatujawahi kuonana. Alinipa kiti, akaleta mihogo ya kuchemsha na chai. Tukazungumza habari za mvua, za barabara, za mama yangu aliyebaki Kinangop, za marehemu mume wake. Karibu saa nzima ilipita. Ndipo akaweka kikombe chini akaniuliza, "Haya mwanangu, nikusaidie nini?"

"Naomba kupanga nyumba yako, Mwalimu."

Akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Unaona? Maneno ni yale yale ya jana, ila leo yamevaa nguo."

Nilipata nyumba ile siku hiyo. Nilidhani nimepata chumba cha kuwekea mashine tu.

Vibali vya mgeni kufanya biashara havitoki kwa siku moja. Kuna kibali cha kazi, kibali cha ukaazi, leseni, kukaguliwa jengo, kupimwa maji, kupimwa mimi mwenyewe. Kwenye ofisi ya mtaa Mwalimu alikwenda nami, na nikiulizwa swali alijibu yeye: "Huyu anakaa kwangu." Mtendaji, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa amesomeshwa naye darasa la tatu, akawa anaandika huku amenyoosha mgongo. Kusubiri kulichukua miezi mitano. Katika miezi hiyo sikuuza hata kikombe kimoja cha mtindi. Nililima naye bustani yake ya mboga nyuma ya nyumba, nikajifunza kukoroga togwa, kinywaji chao cha nafaka, nikajifunza kusema naomba, samahani, nisaidie, maneno ambayo nilikuwa nayo siku zote lakini sikuwa nikiyatumia. Sasa hivi nikikumbuka miezi ile naona ndiyo iliyoniokoa. Ningefungua duka ile wiki ya kwanza, ningefunga wiki ya pili.

Vibali vilipotoka nilipaka ukuta rangi nyeupe na kuandika kwa bluu, herufi kubwa: MALA NA YOGATI. Kwetu maziwa yaliyoganda tunayaita mala, na sikuwaza kwamba yana jina jingine. Mwalimu alisimama barabarani akasoma mara mbili.

"Nani amekuandikia? Mara inaandikwa kwa r. Halafu mara ngapi?"

Nilipomweleza alishindwa kusimama, ikabidi aegemee ukuta ule ule, rangi ikamshika kwenye kitenge. Alasiri ile tuliandika upya: MTINDI. Lakini stori ilikuwa imeshatembea, na mpaka leo kuna madereva wa bodaboda wanaopita wakinipigia kelele, "Mkenya! Mara ngapi?"

Mashine zilianza kazi. Wafugaji kumi na mmoja wa kikundi kimoja, kutoka kijiji kilicho kando ya barabara ya Mbinga, walikubali kuniletea maziwa kila asubuhi. Walikuja kwa baiskeli, keni zimefungwa nyuma kwa mipira. Katibu wao alikuwa mzee mmoja mwembamba, mtaratibu, mhudumu wa kanisani kwao, mtu wa kuvua kofia kabla ya kuongea. Watu walianza kuzoea mtindi wangu. Mama mmoja aliyekuwa anauza togwa jirani alikuja kuonja kwa mashaka, akaondoka na vikombe vitatu.

Halafu nikaharibu.

Ilikuwa msimu wa mvua, asubuhi ya mvua nzito. Wafugaji walikuwa wamejipanga mlangoni, na mimi nilikuwa napima maziwa ya kila mmoja kwa kile kipimo cha kioo kinachoonyesha kama yametiwa maji. Nilipima keni ya katibu. Kipimo kikazama. Nikapima tena, kikazama tena. Kiwandani kwetu jambo hilo lilikuwa na jibu moja, na nililitoa kama nilivyozoea kulitoa miaka kumi na saba.

"Mzee, haya umeyatia maji. Peleka kwingine."

Mstari wote ulitugeukia. Yule mzee alivaa kofia yake, akafunga mfuniko wa keni, akaifunga keni kwenye baiskeli bila haraka. Akaniambia, "Asante." Akaondoka kwenye mvua.

Ile asante niliichukua kuwa amekiri. Kesho yake walikuja wafugaji wawili. Kesho kutwa yake hakuja mtu. Siku ya nne niliwasha mashine nikaizima, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikitazama barabara.

Mwalimu alikuja akasimama mlangoni. "Leo hatusikii muungurumo."

"Wamegoma. Kisa nimemkataa mtu mmoja aliyetia maji."

"Umemwita mwizi mbele za watu."

"Sikusema mwizi, Mwalimu. Nilisema maji."

"Kwenu hivyo ni vitu viwili," akasema. "Hapa ni kimoja. Vaa viatu vya matope, twende."

Tulipanda bodaboda mbili. Yeye alikuwa amevaa buti za mpira na kitenge chake cha kanisani, amekaa wima nyuma ya dereva, anamwelekeza pa kupita penye utelezi. Mimi njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kujitetea. Nilikuwa nayo mengi. Kipimo hakidanganyi. Biashara ya maziwa ni usafi na ukweli. Mgeni akilegea mara moja amekwisha.

Mke wa mzee alitupokea uani kama wageni waliokuwa wanasubiriwa. Alituchukulia mikoba, akatutandikia mkeka, akatuletea maji ya kunawa, kisha ugali na maharage na mboga za majani. Hakuna aliyetaja maziwa. Mzee alikula nasi akimuuliza Mwalimu habari za watoto wake mmoja mmoja. Nilikula, na kwa kila tonge maneno niliyoyapanga yalipungua.

Tulipomaliza aliniita nyuma ya nyumba, kwenye kichanja ambako keni zilikuwa zimeanikwa kichwa chini. Alichukua moja, akaifunika, akamimina maji juu ya mfuniko kwa kata. Akafungua, akaniambia nitazame ndani. Maji yalikuwa yanachuruzika kwa ndani. Mfuniko ulikuwa umebonyea ukingoni.

"Iliangushwa pale kwenye mteremko, wiki ile," akasema. "Sikujua kama imebonyea. Siku ile mvua ilinipiga kutoka hapa mpaka mjini, nami nikiwaza maziwa yapo salama. Nilipofika nyumbani ndipo nikaona. Kipimo chako hakikusema uongo, mama. Lakini na mimi sikutia maji."

Nilipitisha kidole kwenye ukingo uliobonyea. "Kwa nini hukunieleza pale pale?"

"Ungeniuliza, ningekueleza. Hukuniuliza. Uliniambia."

Nilipiga magoti pale kwenye matope. Kwetu mwanamke hapigi magoti kwa kuongea na mtu, na mimi kwa ujana wangu nilikuwa nawacheka waliofanya hivyo. Siku ile magoti yalishuka yenyewe. Nikamwambia naomba anisamehe.

"Inuka, inuka. Ulipokaa ukala chakula chetu, yalikuwa yamekwisha," akasema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Siku nyingine ukiona tatizo, mwite mtu pembeni. Hata kama ni mwizi kweli. Ana watoto."

Sikujua alichofanya baadaye mpaka mke wake aliponihadithia. Jumapili ile, baada ya misa, wafugaji wenzake walimzunguka wakimuuliza kama ni kweli Mkenya amekuja kupiga magoti. Alikuwa na kila sababu ya kusema ndiyo. Aliwaambia tu kwamba keni yake ilikuwa mbovu, kosa lilikuwa la keni, na kesho yake yeye anapeleka maziwa. Jumatatu walikuja wote kumi na mmoja.

Nilimnunulia keni mpya, na nikamwita fundi ajenge chumba kidogo nyuma. Tangu hapo maziwa yanapimwa humo, mimi na mwenye maziwa tu, mlango umefungwa. Nimekuta wanaotia maji kweli, siwezi kusema hawapo. Mmoja alilia humo ndani, akanieleza shida iliyompata, na huu ni mwaka wa nne sijaona tone la maji kwenye keni yake. Kiwandani tulikokuwa tunafukuza watu, sikuwahi kujua hata mmoja alipatwa na nini.

Mtindi ulienda. Nina wafanyakazi wanne sasa, wote wanawake, na tunapeleka mtindi kwenye maduka mpaka Namtumbo. Vikundi viwili vingine vimejiunga. Dada yangu nikimpigia simu ananilalamikia kwamba naongea kama mtangazaji wa redio, eti namwambia samahani hata kabla sijamkosea.

Mwaka jana mama yangu alifariki. Simu ilinikuta nikiwa na keni mkononi. Nilimkabidhi Mwalimu funguo bila kumwelekeza chochote, maana sikuwa na akili ya kuelekeza, nikapanda basi la asubuhi. Tulimzika Kinangop. Wiki mbili na nusu nilikuwa kule, nikamtumia Mwalimu ujumbe wa siku nitakayofika, na kwenye basi la kurudi nilikuwa nimejiandaa kukuta maziwa yameharibika na wateja wamehama. Nilijiambia si neno, mama hufa mara moja, mashine zitawashwa tena.

Nilifika mchana. Kwanza niliona baiskeli, nyingi, zimeegemezwa ukutani kwetu saa ambayo wafugaji huwa wamesharudi makwao. Dirishani mfanyakazi mmoja, ndani ya koti lake jeupe, alikuwa anamhudumia mteja kama kawaida. Nyuma uani kulikuwa na mikeka, na kwenye mikeka kulikuwa na wanawake wamejifunga vitenge kiunoni. Sufuria kubwa zilikuwa motoni. Mzee katibu na wenzake walikuwa wamekaa kwenye benchi upande wa pili, kofia mapajani. Waliponiona walisimama.

Nilibaki nimesimama na begi langu. Mwalimu alikuja akanipokea begi.

"Ulizika kule," akasema. "Sisi huku tulikuwa hatujalia. Tumekusubiri."

Kilio kilichonitoka pale hakikunitoka hata kaburini. Kule nilikuwa mtoto mkubwa wa marehemu, nilikuwa na wageni wa kupokea na mambo ya kuamua. Hapa kila kitu kilikuwa kimeamuliwa. Walinikalisha katikati yao. Mmoja alinivua viatu. Mama wa togwa alinishikia kikombe nikanywa kama mgonjwa. Tulilia, kisha wakasali rozari, na jirani yetu Mwislamu aliyekuja na wanawe alikaa kimya mpaka ilipoisha, naye akaomba dua yake, tukaitikia amina.

Kulipotulia, mke wa katibu alinigeukia akaniuliza, "Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Hakuna aliyeniuliza hivyo Kinangop, kwa sababu kule wote walimjua. Nikafuta uso nikaanza kuwasimulia. Niliwaambia alikuwa mfupi kuliko mimi, ana sauti nene ya kiume, na alikuwa na ng'ombe mmoja mkorofi aliyekataa kukamuliwa na mtu mwingine. Siku moja mama akiwa mgonjwa, baba alivaa gauni lake na kujitanda leso yake kichwani ili amdanganye yule ng'ombe. Ng'ombe akamtazama, akageuka, akampiga teke akaangukia kwenye ndoo, na mama akatoka kitandani na homa yake kuja kumtazama baba akiwa amekaa kwenye maziwa ndani ya gauni.

Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka. Halafu benchi lote la wafugaji, maana hao ng'ombe wanawajua.