Dohani ya Mwingereza wa Panda

Nimefundisha historia Likasi miaka ishirini, na sijazoea kubishiwa. Ndiyo maana nilijitolea kuitetea mbele ya kamati ya majengo ya kale nyumba ya mawe ya mtaa wetu wa Panda, ambayo mhandisi Mwingereza aliijenga kwa mfano wa nyumba za wakulima wa kwao, isibomolewe kupisha maduka.

Nilionyesha kuta nene na madirisha madogo, wajumbe wakaridhika. Laiti ningenyamaza hapo! Lakini niliwaongoza hadi jikoni, kwenye dohani pana kuliko mlango, nikatangaza: "Hii ndiyo roho ya nyumba. Dohani hii ikiwa ya kweli, nyumba yote ni ya kweli."

Mama Véro, mjane anayeishi humo, alikaza kitenge chake. "Madame, ile cheminée ni marehemu bwana yangu alijenga, ya kukaushia samaki ya ziwa Tshangalele."

"Hapana, mama," nilitabasamu. "Ni ya Mwingereza."

"Mwingereza gani? Hata weye, Ijumaa Kuu, ulikula samaki ya ile cheminée, ukaomba ingine!"

Mwenyekiti, kalamu ikiwa tayari juu ya jina la nyumba kwenye orodha ya zitakazohifadhiwa, aliniuliza kama ni kweli.

Nilikiri kwamba niliomba mara mbili.