Mlango wa Kipchirchir

Usimletee Chepkurui wa Boito habari za mila. Atakutukana, na hatakuomba msamaha.

Mwaka ule wa korona, vyuo vilipofungwa, mwanawe Kipchirchir alirudi nyumbani na begi moja na kompyuta ya kuazima. Alikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi, kijana wa maneno mengi. Mwezi wa kwanza alichuma majani chai na mamake huku akiimba. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa hatoki katika nyumba yake ndogo kando ya boma. Masomo ya mtandaoni yalimpita kwa kukosa netiweki, wenzake wakaacha kumpigia, na hakuna aliyejua chuo kingefunguliwa lini.

"Hiyo ni uvivu tu," alisema Kipruto, babake. "Masomo imemharibu."

Kanisani wakasema ni bangi. Na Chepkurui, aibu ikimla, naye akaitikia kuwa mtoto ni mvivu.

Hakuwa amemwona sawasawa kwa wiki nyingi. Kwa Wakipsigis, kijana akishatahiriwa hulala nyumba yake, na mama hakanyagi humo. Anaweka chakula mlangoni, anaita, anaenda zake. Kwa kijana mzima ni heshima. Kwa mgonjwa ni upumbavu mtupu, na kijiji kizima kiliufuata kikijiona kina adabu.

Asubuhi moja, akielekea shambani na kikapu mgongoni, Chepkurui alikuta kuku wakidonoa ugali wa jana pale mlangoni. Wa juzi nao ulikuwepo, umekauka.

"Kipchirchir!"

"Niache tu, mama." Ilikuwa sauti ya mtu asiyetaka chochote.

Hasira zikampanda. Akatupa kikapu chini, akausukuma mlango.

"We mama, toka hapo!" Kipruto alifoka kutoka kwa ng'ombe. "Huyo ni mwanaume!"

Akaingia. Kijana alikuwa amelala akiutazama ukuta, amekonda hadi shingo imekuwa ndefu.

"Mama, watu watasema nini?"

"Si walishasema? Unaumwa wapi?"

"Sijui. Naamka nikiwa nimechoka. Nikifikiria kesho, sioni kitu." Akamgeukia mamake. "Na nawasikianga jioni mkisema mimi ni mvivu. Hata wewe."

Maneno hayo yalimchoma. Alikuwa ameingia mle akiwa na hasira za kuwagawia watu wote, na sasa fungu kubwa lilikuwa lake.

"Nilikosa," alisema. "Amka. Tunaenda hospitali Litein."

Akamtoa nje akimshika mkono. Kipruto alikuwa amesimama uani.

"Unamtoa hivyo kama mtoto?"

"Shika huu mkono mwingine, baba Kipchirchir. Shika ama nipige nduru watu wote wakuje."

Kipruto alitazama kwanza barabarani, kuona kama kuna mtu anapita. Ndipo akaushika.

Kwa matibabu ya Litein kijana alipata nafuu polepole, na chuo kilipofunguliwa alirudi. Lakini kule kutazama barabarani, Chepkurui hajamsamehe mumewe hadi leo.