Vikaratasi vya Mama Pindo

Mama Pindo alitoka kwa wakili akitembea kwa madaha kama bibi harusi. Ati leo anaandika wosia! Wakili alimpa kazi moja tu ya kuanzia: aorodheshe kila alicho nacho, na kando yake amtaje wa kukirithi.

Kuorodhesha? Thubutu! Miaka arobaini ya ufundi cherehani ilimzoesha kikaratasi na pini: jina la mteja, bandika kwenye nguo, yamekwisha. Basi alipofika dukani kwake akaanza kubandika, huku akiimba. Saa ya ukutani, kijana wake Mkubwa. Koti la marehemu mumewe, kijana wake Mdogo. Alijisikia raha, utadhani anagawa zawadi.

Alipofika kwenye cherehani mkono ukasita. Mkamwana wake, mjane wa mwanawe wa kati, alikuwa ameshonea mashine ile miaka kumi. Lakini bila wosia huyo hana lake, na Mkubwa alishasema wazi kwamba siku mama akifumba macho, chuma kile atakiuza. Mama Pindo akashusha pumzi. "Liwalo na liwe!" Akabandika jina la mkamwana kwenye kitambaa cha kufunikia mashine, akatoka kununua uzi.

Mkamwana akaingia, akaviona vikaratasi. Loo, kazi za watu zimekamilika! Saa nayo? Makubwa haya! Lakini humo dukani chenye jina kina mwenyewe, na mwenyewe hacheleweshewi. Akapangusa vumbi, akafunga kwenye mifuko, akapeleka nyumba hadi nyumba.

Mama Pindo aliporudi alikuta ukuta mtupu. Kabla hajauliza, vijana wake wawili wakaingia mbio, mmoja kakumbatia saa, mwingine kavaa koti na jua lote lile.

"Mama! Unaumwa nini?" Mkubwa alihema. "Mbona unatugawia vitu?"

Mama Pindo akamtazama mkamwana, akavitazama vile vitu, akaelewa. Alicheka hadi akakaa chini, kashika mbavu. "Wosia wangu umepelekwa majumbani, na mimi ningali hai! Wallahi sijawahi kumaliza kazi mapema hivi!"

Wote wakaangua kicheko. Kisha Mkubwa akaiona cherehani.

"Na hii mbona imebaki?"

Kicheko cha Mama Pindo kikakatika.

"Hiyo ina jina langu, shemeji," mkamwana akajibu. "Sikuona nguo, nikajua nimewekewa zamu ya kuitia mafuta. Nimeshaitia."

"Si mafuta, mwanangu," Mama Pindo akasema. "Ni yako."

Mkamwana akafunika uso kwa mikono miwili. Mkubwa akasoma kikaratasi, akasoma tena. Miaka kumi mwanamke huyu yuko hapa kila siku, na hata sasa hakudhania kitu humu ni chake. Aibu ikamshika. Akainama, akaichomoa pini iliyolegea, akaichoma upya ikakaza.

"Mama, twende kwa wakili," akasema. "Leo hii."